Mbio za Sakafuni: Kuhusu Sifa za Dereva Bingwa

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kusifu. Nahodha ana sifa zake, mpiga zumari ana zake, fundi wa kuchonga milango ana zake, na malenga amezikusanya zote, kwani yeye ndiye azirudishazo kwa watu kwa vina na mizani. Ila dereva. Ukitega sikio pale watu wanapomsifu dereva utaona utajiri wote huo umepukutika, limebaki neno moja: anakimbiza. Dereva mzuri anakimbiza, aliye bora kuliko yeye anakimbiza zaidi, na bingwa ni yule ambaye wenziwe hawakujua amepitia wapi.

Makala haya yanakusudia kulipima neno hilo. Mhakiki hupima sifa kama apimavyo shairi, kwa kuwa sifa nayo ni utungo: ina msemaji, ina msemwa, ina msikilizaji, na ina jambo inalolifundisha bila ya kulitaja. Anayesifu anahukumu, na hukumu yake humfikia yule anayesifiwa ikamwonyesha njia ya kupata sifa nyingine kesho. Mshairi akisifiwa kwa maneno magumu tu, atatafuta maneno magumu. Dereva akisifiwa kwa mwendo tu, atatafuta mwendo. Tofauti yao ni kwamba mshairi akizidisha, anayetaabika ni msomaji mmoja mwenye kamusi mkononi. Dereva akizidisha, nyuma yake wameketi watu hamsini.

Swali lenyewe nimelikuta Katandala, kata ya mji wa Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa katika Mkoa wa Rukwa. Msomaji wa Unguja, Pemba au Lamu asidhani kuwa anapelekwa mbali bure. Ufipa haina bahari, lakini ina maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki, na yote mawili yako chini, hata kila njia ya kuyaendea ni njia ya kuteremka. Ukuta wa Lyamba lya Mfipa, unaolitazama Ziwa Rukwa, hauna huruma na breki za mtu. Barabara ya Tunduma, ambayo ndiyo mlango wa kuendea Mbeya na hatimaye Dar es Salaam, ina urefu wa zaidi ya kilomita 200, na kwa miaka mingi ilikuwa ya udongo na kokoto kabla ya kutiwa lami. Mahindi ya Ufipa hutoka kwa lori. Mgonjwa, mwanafunzi na mfanyabiashara hutoka kwa basi. Katika mji wa namna hii dereva ni mtu mkubwa. Vijana humjadili kama vile watu wa pwani wanavyomjadili nahodha wa ngalawa siku za resha, na mjadala huo huishia, karibu kila mara, kwenye saa: fulani aliondoka alfajiri, na kufikia saa fulani alikuwa Mbeya. Mwenye saa chache ndiye bingwa, na shauri limekwisha.

Mtu aweza kusema kuwa dereva wa basi si dereva wa mashindano, na kwamba huku kwenye mashindano, angalau, mwendo ndio kila kitu. Hapo ndipo nisipokubali. Naona kwamba hata mbioni, ambako watu hukusanyika kwa ajili ya mwendo na zawadi hutolewa kwa ajili ya mwendo, si mwendo unaomtenga bingwa na wapinzani wake. Ikiwa hoja hii itasimama huko, basi huku barabarani itasimama pasi na kusaidiwa. Na mashindano ya kuipimia tunayo, tena yamebeba neno letu wenyewe: Safari.

Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikipita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika. Zilifanywa aghalabu wakati wa Pasaka, mvua za masika zikiwa zimekwisha kuanza. Barabara hazikufungwa: dereva wa mashindano aliyakuta mabasi, ng'ombe, baiskeli na madaraja yaliyochukuliwa na maji, kama msafiri mwingine yeyote. Katika baadhi ya miaka njia yote ilizidi kilomita 5,000. Lakini jambo ambalo wasifiaji wa mwendo hawalitaji ni namna ushindi ulivyohesabiwa. Dereva hakuongezewa alama kwa kufanya vyema. Alianza na sufuri, na kila dakika aliyochelewa kufika kwenye kituo cha ukaguzi iliandikwa kuwa adhabu. Mshindi alikuwa ni yule mwenye hasara ndogo kuliko wote.

Mwenye kuijua arudhi ataitambua kanuni hii mara moja. Mshairi hapewi tuzo kwa kuzitimiza mizani kumi na sita za mshororo. Hilo ni wajibu wake. Akipunguza moja ndipo anapoonekana. Ustadi wake huonekana kwa kutopoteza, na juu ya kutopoteza huko ndiko anakojenga mengine yote, yaani fikra, sauti na uchungu. Dereva wa Safari aliendesha ndani ya bahari ya namna hiyo. Kipande kimoja alichokwenda kasi kuliko wote hakikumfuta hasara aliyoipata katika kipande cha pili kwa springi iliyokatika.

Matokeo yake yanaonekana katika miaka miwili ambayo wapenzi wa mbio hizo hawaisahau. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 tena. Mvua na matope vilikula yaliyobaki. Miaka yote hiyo miwili mshindi alikuwa ni mtu yule yule, Nick Nowicki, pamoja na mwelekezi wake Paddy Cliff, wakiwa katika gari la Peugeot 404. Gari hilo lilikuwa la nyumbani, la kupelekea watoto shule na mboga sokoni, na miongoni mwa wapinzani waliozama wapo waliokuwa na magari yenye nguvu zaidi. Mtu akishinda mara moja katika mwaka wa balaa twaweza kusema ni bahati. Akishinda katika balaa la pili, yamkini tulitafutie jambo hilo jina jingine.

Jina hilo watu hulitafuta kwanza katika gari. Ni hoja ya kawaida vijiweni: mpe huyu gari la yule, uone. Haikosi ukweli, kwani hapana bingwa aliyeshinda kwa miguu. Lakini tumtazame Joginder Singh. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, akaingia kwanza katika ufundi wa magari kwenye gereji ya baba yake, na mbio zikaja baadaye. Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant waliishinda Safari kwa Volvo PV544 ya mkono wa pili. Mwaka 1974 alishinda tena, mara hii kwa Mitsubishi Lancer, gari dogo, na aliyemfuata alikuwa Björn Waldegård wa Sweden katika Porsche. Mwaka 1976 akashinda mara ya tatu. Waandishi wa Kiingereza walimpa lakabu ya Singasinga Arukaye, na lakabu hiyo ikamfuata mpaka alipofariki mwaka 2013.

Hapa mhakiki hana budi kusimama. Lakabu hiyo ni sifa mbovu. Imemsifu fundi kwa jambo ambalo fundi hulikimbia. Gari linaloruka halina budi kutua, na linapotua hulipa kwa springi, kwa ekseli na kwa tangi la mafuta. Mtu aliyelelewa chini ya magari ya watu, akavifungua kwa mikono yake vyuma vilivyokatwa na barabara hizo hizo, alijua bei ya kila shimo kabla ya kuliingia. Nguvu ya Joginder ilikuwa katika kujua chuma kinastahimili nini, na kukiachia pale kinapolalamika. Lakabu ikachukua kile kinachopendeza pichani, gari likiwa hewani, ikaacha kile kilichomfikisha.

Watu wa Ufipa wangeweza kumtungia lakabu iliyo bora kuliko hiyo, kwa sababu chuma walikijua kabla ya gari kufika. Mabaki ya matanuru yao marefu ya udongo, yaitwayo malungu, yangali yamesimama hapa na pale uwandani. Tanuru hilo halikupulizwa kwa mivukuto. Lilitobolewa matundu chini, likavuta upepo lenyewe, na moto ukala mawe na makaa kwa siku kadhaa. Mivukuto ilikuja baadaye, katika tanuru dogo la kukisafisha chuma kilichopatikana. Fundi wa tanuru refu hakuwa na namna ya kuuharakisha moto wake. Kazi yake ilikuwa ni kulipanga vizuri kabla ya kuwasha, kisha kusikiliza. Aliyelifungua kabla ya wakati aliondoka na mawe. Jamii yenye ustadi wa namna hiyo katika kumbukumbu zake ina kila sababu ya kumwelewa dereva anayesikiliza, na ni hasara kwamba vijana wake leo wanamsifu dereva kwa neno moja tu.

Tukilitoa gari, hoja ya pili husema kwamba bingwa ni mwenyeji. Anaijua njia, basi. Hoja hii yampendeza kila mtu wa Afrika Mashariki, na kwa muda mrefu ilikuwa na ushahidi: tangu 1953 mpaka 1971 Safari haikushindwa na mtu aliyetoka ng'ambo kuja kushindana, ingawa wapo waliokuja wakiwa na majina makubwa. Walikuja mabingwa wa Ulaya, wakaongoza siku ya kwanza, na siku ya tatu wakaonekana kando ya njia wameketi juu ya mawe. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland akaivunja hoja hiyo kwa Ford Escort. Na kisha akaja yule yule Waldegård. Alishinda mwaka 1977, akashinda 1984, akashinda 1986, na mwaka 1990 akashinda tena akiwa na umri wa miaka 46. Kwa zaidi ya miaka thelathini hapakutokea mtu mzima kuliko yeye aliyeshinda mbio zozote za ubingwa wa dunia wa namna hiyo, mpaka Sébastien Loeb wa Ufaransa alipomzidi mwaka 2022 kule Monte Carlo.

Waldegård hakuzaliwa Kericho. Ila tusisahau kwamba alifika kwenye Safari miaka kadhaa kabla ya kuishinda, akashindwa, akarudi, akawa wa pili, akarudi. Wenyeji unaotajwa katika hoja hii, kwa hivyo, hautokani na kuzaliwa mahali. Unatokana na kukubali kufundishwa na mahali. Nahodha wa Kojani hakuzaliwa na ramani ya miamba kichwani. Aliipata kwa chombo cha babake, na sehemu yake aliipata kwa kukwama. Tofauti baina ya yule anayekwama akawa bingwa na yule anayekwama akabaki vivyo hivyo ni kwamba wa kwanza ameuliza mwamba jina lake.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni Shekhar Mehta. Alizaliwa Uganda mwaka 1945 katika familia ya wenye mashamba, na Waasia walipofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 akawa mtu wa Kenya. Mwaka uliofuata aliishinda Safari kwa mara ya kwanza, na namna alivyoishinda yastahili kuelezwa. Baada ya maelfu ya kilomita, yeye na Harry Källström wa Sweden, wote wawili wakiendesha Datsun, walikuwa na hasara sawasawa, dakika kwa dakika. Ikabidi kanuni ya kuvunja sare itumike, ikamchagua Mehta. Msikilizaji wa kijiweni atasema: basi walikuwa sawa, mmoja akapendelewa na karatasi. Nami nasema tumtazame mtu huyo alifanya nini baada ya hapo. Alishinda 1979, 1980, 1981 na 1982, mara nne kwa mfululizo, Mike Doughty akiwa mwelekezi wake. Jumla ni mara tano, na mpaka leo hapana aliyezifikia.

Mpinzani wake aliyemkaribia kuliko wote katika miaka hiyo alikuwa Rauno Aaltonen wa Finland, bingwa wa Ulaya wa mwaka 1965, mtu ambaye wenziwe walimwita profesa kwa namna alivyoichunguza kazi yake. Aaltonen alimaliza Safari katika nafasi ya pili mara kadhaa, na hakuishinda hata mara moja. Mwaka 1980 na mwaka 1981 aliyekuwa mbele yake ni Mehta, nao walikuwa wakiendesha magari ya kampuni moja. Haiwezekani kusema kuwa Aaltonen hakujua kuendesha. Wala haiwezekani kusema kuwa alikuwa na haraka isiyo na akili. Basi ni nini?

Jibu langu, kwa kadiri kumbukumbu za mbio hizo zinavyoruhusu, ni kwamba Mehta aliichukua Safari kuwa ni safari. Mpinzani wake mkuu hakuwa Aaltonen, wala Källström, wala gari jingine lolote. Alikuwa ni njia, na njia haishindwi kwa kupigana nayo. Kuna vipande ambavyo dereva wa namna hii alivitoa sadaka kwa kujua: akapoteza dakika tano mtoni akitazama maji yanavyokwenda, ili asipoteze saa tatu akivutwa na trekta. Wapwani tunalo neno la jambo hili. Chombo kinachobisha, kikiwa kinakwenda dhidi ya upepo, huonekana kama kinakwenda kando. Mtazamaji asiyejua bahari humcheka nahodha: kisiwa kile pale, mbona analekea huku? Lakini anayebisha ndiye anayekaribia, na anayeielekeza omo moja kwa moja kwenye kisiwa ndiye atakayesimama na tanga linalopigapiga.

Nisije nikaonekana kuwa nawasifia waendao polepole. Mwendo walikuwa nao wote hawa, na asiyekuwa na mwendo hakutajwa popote. Colin McRae wa Uskochi, ambaye dunia ilimjua kwa kasi yake na kwa magari aliyoyapondaponda, aliishinda Safari mwaka 1997, 1999 na 2002. Mtu hawezi kushinda huko mara tatu kwa kupondaponda. Yaonyesha kwamba hata mwenye kasi kuliko wenziwe, alipofika kwenye barabara hizi, ilimpasa ajue pa kuiweka kasi hiyo. Kiswahili kimeyasema haya kwa methali mbili zinazogombana. Haraka haraka haina baraka, yasema moja. Chelewa chelewa, yajibu nyingine, utamkuta mwana si wako. Walimu wetu hutuuliza ipi ni ya kweli. Dereva bingwa ni mtu anayeishi baina ya hizo mbili, akajua katika kila kona ni ipi inayosema naye.

Mpaka hapa nimezungumzia ushindi. Ubingwa ni jambo jingine, na ili kulionyesha hilo naomba msomaji anifuate nje ya Afrika Mashariki kwa mfano mmoja tu, ingawa nao ulihitimishwa katika bara letu. Mwaka 1958 Waingereza wawili, Stirling Moss na Mike Hawthorn, walikuwa wakigombania ubingwa wa dunia wa mbio za magari ya Formula One. Katika mbio za Ureno, mjini Porto, Hawthorn alitaka kunyang'anywa nafasi yake ya pili kwa tuhuma ya kuliendesha gari kinyume cha mwelekeo wa njia. Moss, ambaye ndiye aliyeshinda mbio hizo, na ambaye angenufaika kuliko mtu yeyote lau mpinzani wake angefutwa, alikwenda mwenyewe kumtolea ushahidi kwamba hakukosa. Hawthorn akarudishiwa alama zake. Mwezi Oktoba, katika mbio za mwisho zilizofanywa Casablanca, Moss alishinda. Hawthorn akawa wa pili. Na hesabu ilipofungwa Hawthorn alikuwa na alama 42, Moss 41. Moss alikuwa ameshinda mbio nne mwaka huo, Hawthorn moja. Bingwa katika daftari akawa Hawthorn. Moss hakupata ubingwa wa dunia mwaka huo wala mwaka mwingine wowote mpaka alipofariki mwaka 2020.

Daftari lilisema kweli, na halikusema yote. Kila anayeujua mchezo huo humtaja Moss miongoni mwa walio wakubwa kabisa, na hapana anayeona haja ya kulieleza. Alijua kwamba ushindi unaopatikana kwa kunyamaza pale panapotakiwa shahidi si wake. Hawthorn naye, baada ya kutwaa ubingwa, aliacha mashindano. Mwezi Januari mwaka 1959, miezi mitatu tu baada ya Casablanca, alikufa katika ajali ya gari nchini Uingereza, katika barabara ya kawaida yenye magari ya watu wengine. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Wengi hudhani methali hiyo inawasema wajinga. Yamhusu pia bingwa wa dunia, pindi anapoichukua sifa ya uwanjani akaipeleka mahali ambapo si pake.

Na hapo ndipo tunapoirudia Katandala, kwa sababu sifa ya uwanjani huku haina uwanja. Ina barabara ya watu. Safari iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, kule Naivasha, ilirudi katika sura mpya: vipande vifupi, njia zilizofungwa, helikopta angani, na dereva aliyeikagua njia kabla ya siku ya mashindano. Dereva wa basi wa Sumbawanga hana kimoja kati ya hivyo. Yeye bado yumo katika Safari ile ya zamani, yenye ng'ombe na baiskeli, na daftari lake la hasara halina dakika, lina watu. Lami imekuja, na ni neema, lakini lami imemwondolea mwalimu wake mkali. Tope lilimlazimisha kila mtu kusikiliza. Lami humwachia kila mtu afanye apendavyo, mpaka ukingoni. Na tangu mwaka 2023, ilipoondolewa marufuku ya mabasi kusafiri usiku iliyokuwapo tangu miaka ya 1990, giza nalo limerudi kuwa sehemu ya mtihani.

Serikali ina sheria zake, na trafiki wana vipimo vyao. Mhakiki hana tochi ya kupimia mwendo. Alicho nacho ni lugha, na lugha humfikia dereva kabla ya trafiki, nayo humfikia akiwa bado anakunywa chai. Abiria anayeshuka akasema "leo umetufikisha mapema" amemsifu kwa saa. Utingo anayewacheka wenzake wa basi jingine amemsifu kwa kupita. Kijana anayeandika maneno ya majigambo nyuma ya gari ametunga, akitaka asitake, ubeti wa sifa, na ubeti huo husomwa na watu wengi kuliko diwani zetu zote. Siwadharau watunzi hawa. Nawadai kile ninachomdai mtunzi yeyote: amtazame vizuri anayemsifu, asije akamsifu kwa lile litakalomwangamiza.

Wapo watakaonijibu kwamba mgonjwa anayepelekwa Mbeya anaihitaji ile kasi, na kwamba ni rahisi kwa mtu aliyeketi barazani kusifu subira. Hoja hii ni ya haki na haiwezi kupuuzwa. Lakini tuisikilize vizuri. Anachokihitaji mgonjwa ni kufika. Ndugu zake wakimsifu dereva baadaye, hawatasema alikimbiza; watasema alitufikisha. Hilo ndilo neno lililokosekana katika mjadala wa vijana, nalo limo katika Kiswahili siku zote. Kukimbiza ni kitendo ambacho dereva humfanyia gari. Kufikisha humfanyia mtu. Joginder, Nowicki, Mehta na Waldegård walitengwa na wapinzani wao kwa hilo la pili: kila mmoja wao, siku ya mwisho, alikuwa na gari la kulirudisha, na mwelekezi aliye hai kando yake, na hasara ndogo kuliko wengine.

Washairi wetu wa visiwani wamemwimba nahodha kwa karne nyingi, na hakuna katika tungo hizo nahodha anayesifiwa kwa kuwahi tu. Husifiwa kwa kuujua upepo, kwa kuwatuliza watu, kwa kukunja tanga kabla ya tufani na kwa kukitia chombo bandarini na shehena yake. Dereva bado hajapata malenga wake. Amepata lakabu, amepata maandishi nyuma ya gari, amepata kelele za kijiweni. Basi atakayeshika kalamu kumwimba, awe wa Unguja au wa Ufipa, asianzie na kasi. Aanzie na watu waliomo ndani ya gari, awahesabu mmoja mmoja, na auandike mshororo wa kituo baada ya wote kushuka.